Gia ya Tatu Ilipokataa

Ilikuwa Jumapili jioni, tunarudi Nairobi. Tulikuwa tumeshakipita kile kikanisa cha Waitaliano cha mwaka 1942, tunaupanda mteremko wa Mai Mahiu, na mbele yetu trela la simenti linajikokota kama mzee mwenye gunia begani. Nikangoja. Njia ikafunguka, mbele peupe. Nikaweka indiketa, nikakanyaga klachi, nikasukuma gia kutoka ya nne kwenda ya tatu.

Ikalia.

Chuma kilisaga chuma, nikaisikia sauti ikipanda kwenye kijiti hadi kiganjani, kisha kijiti kikanirudia mkononi. Nikajaribu tena. Ikakataa tena. Gari halina gia, mwendo unaisha, nusu ya bodi iko upande wa wanaoshuka, na nyuma yangu matatu inawasha taa. Nikarudi nyuma ya trela. Ni pale gari lilipokaribia kusimama ndipo gia ya kwanza ilipokubali kuingia.

Mke wangu alikuwa ameshika mshikio wa juu ya mlango. Hakuuachia hadi Rironi.

Hakusema neno. Ule mkono wake ndio ulionikera wiki sita.

Jibu lililokuwa tayari

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya 2003, ya soko la Uingereza, injini ya lita 2 yenye turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, na giaboksi ya gia tano. Mwenye gari kama hili hahitaji kutafuta lawama, maana ipo tayari: giaboksi ya tano ni ya biskuti. Uliza kijiwe chochote cha Subaru utaambiwa hivyo kabla hujamaliza swali.

Na si uongo. Tairi zote nne zinashika lami kwa pamoja, kwa hiyo dereva akipandisha raundi (kasi ya injini kuzunguka) na kuachia klachi kwa ghafla, hakuna tairi ya kuteleza ili kupunguza mshtuko. Nguvu yote inarudi kwenye meno ya gia. Meno yenyewe yamekatwa mshazari ili yasipige kelele, na meno ya mshazari yanapobeba mzigo yanasukumana kwa ubavu. Shafti mbili zinataka kuachana, ganda la aluminiamu linapinda kidogo, meno yanakutana kwa ncha badala ya kukutana kwa upana. Hapo ndipo jino la gia ya tatu hukatika.

STI ya kizazi hiki, ile Impreza kali zaidi, tangu ilipotoka Japani mwaka 2000, ilipewa giaboksi nyingine kabisa, ya gia sita, nene na nzito. Nimeitamani miaka mingi. Sisi tuliomshuhudia dereva Colin McRae akishinda mbio za Safari Rally za 1997 na Impreza ya buluu hatuhitaji kuelezwa tamaa hiyo inatoka wapi.

Wiki moja baada ya Mai Mahiu nilikuwa nimeipata, mjini, imetolewa kwenye STI iliyopata ajali. Bei yake ingenunua pikipiki mbili. Nikatoa arbuni siku hiyo hiyo.

Usiku nikalala vizuri. Usiku wa pili sikulala.

Daftari

Kilichoniamsha ni swali dogo tu: je, pale mlimani, kwa mwendo ule ule, giaboksi ya sita ingenisaidia nini? Sikuuliza kuhusu nguvu zake, maana nilizijua. Nilitaka kujua ingenifikisha upande wa pili wa lile trela kwa njia gani.

Nikachukua daftari la mtoto, nikaandika uwiano wa gia zangu: 3.454, 1.947, 1.366, 0.972, 0.738, na fainali, yaani uwiano wa mwisho kabla ya magurudumu, 3.9. Chini yake za STI ya Japani: 3.636, 2.375, 1.761, 1.346, 1.062, 0.842, fainali 3.9 vile vile. Tairi zangu ni 205/55 za rimu 16, mzunguko mmoja ni karibu mita 1.985. Kuanzia hapo ni kuzidisha na kugawanya.

Kwa kilomita 50 kwa saa, gia yangu ya tatu inazungusha injini raundi 2,240 hivi kwa dakika. Turbo yangu huanza kusukuma karibu na 3,200, na huku juu inachelewa zaidi, kwa sababu kwenye mwinuko wa Nairobi presha ya hewa imepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Maana yake, hata kama ile gia ya tatu ingeingia bila kulia, ningekanyaga mafuta na kungoja. Trela upande mmoja, gari linaloshuka mbele, na mimi nangoja turbo iamke.

Giaboksi ya sita, kwa mwendo huo huo, gia ya tatu: raundi 2,880. Bado iko chini, lakini imekaribia. Nikaendelea. Gia yao ya nne ni 1.346, yangu ya tatu ni 1.366. Ni kitu kimoja! Wao wamechukua safari yangu ya gia tatu wakaigawa kwa nne. Ukibadilisha kwenye raundi 5,000 kutoka ya pili kwenda ya tatu, yangu inaanguka hadi 3,500. Yao inaanguka hadi 3,700, na kutoka ya tatu kwenda ya nne hadi 3,800. Injini haitoki kwenye pumzi yake.

Hesabu zilikuwa upande wa tamaa yangu, na nilifurahi kuziona.

Kisha nikapiga hesabu ya barabara kuu. Kwa kilomita 100 kwa saa, gia yangu ya tano inatulia kwenye raundi 2,420. Ya sita ya Japani inakaa 2,760. Mimi naenda Naivasha mara mbili kwa mwezi. Siku zilizobaki niko Thika Road, foleni asubuhi, foleni jioni, gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza. Nani anaendesha gari hili, na wapi? Nililiandika swali hilo pembezoni mwa ukurasa, nikafunga daftari.

"Inaingia tu, kaka"

Siku niliyokwenda kulipa salio nilimwomba muuzaji anionyeshe na difu ya nyuma, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu.

"Difu ya nini, kaka? Hii inaingia tu. Unafungua ya zamani, unafunga hii."

Nataka nieleweke hapa, kwa sababu kuna mtu atasoma akiwa na arbuni yake mfukoni.

Kwenye WRX kama yangu, difu ya mbele, ambayo imo ndani ya giaboksi, ni 3.9. Ya nyuma ni 3.545. Hazifanani, na gari linakwenda vizuri, kwa sababu ndani ya giaboksi ya tano kuna gia ya kupeleka nguvu nyuma yenye uwiano wa 1.1. Zidisha 3.545 kwa 1.1, unapata 3.9. Mbele na nyuma zinakubaliana.

Giaboksi ya sita haina hiyo 1.1. Inapeleka nyuma moja kwa moja, kwa hiyo inataka difu ya nyuma ya 3.9. Ukiifunga na difu ya zamani, ekseli ya mbele na ya nyuma zitavutana kila mita ya safari, na anayebeba ugomvi huo ni difu ya katikati. Itapata joto na kufa, nawe utasema giaboksi uliyouziwa ni mbovu.

Difu inayoendana nayo, ile R180 ya STI, ni kubwa zaidi. Inataka shafti zake za magurudumu na habu zake. Giaboksi inataka propela shafti yake, flaiwili yake (lile gurudumu zito la nyuma ya injini), klachi yake. Ile bei ya pikipiki mbili ilikuwa ya mlango tu, nyumba haikuwemo.

Nilimweleza muuzaji. Akaniangalia, akasema wengi wamefunga hivyo hivyo na hawajarudi kulalamika. Nikamwomba arbuni yangu. Nikarudishiwa nusu.

Nilitembea hadi stendi nikiwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichochukua siku kadhaa kujitokeza: katika wiki zote hizo, hakuna mtu aliyeligusa gari langu. Nilikuwa nimenunua dawa, nikagombania bei ya dawa, na mgonjwa hajapimwa.

Rivasi

Fundi niliyempelekea yuko Industrial Area, mtu mzima, mikono yake imeingiwa na oili hadi kwenye mistari ya viganja. Nilimwambia, "Mzee, gia ya tatu imekufa." Hakujibu. Aliingia ndani, akawasha injini, akakanyaga klachi hadi chini, akahesabu kimoyomoyo kama mpaka tano, akavuta rivasi.

Ikalia.

Akaizima injini, akaweka rivasi. Ikaingia kimya. Akawasha tena, akakanyaga pedali mara tatu haraka haraka, akaweka rivasi. Safari hii ikaingia kwa kulia kidogo tu.

"Kijana, gia ya pili nayo inalia?"

Nikafikiri. Nikasema sijui. Nikafikiri tena. Nikasema, "Siku hizi siiteremkii. Nikiwa kwenye mwendo siingizi ya pili."

"Tangu lini?"

Sikuwa na jibu. Labda mwaka.

Alinieleza huku akifungua boneti. Gia moja ikilia peke yake, mshuku sinkronaiza wa gia hiyo, ringi inayolinganisha mwendo kabla gia haijaingia. Zikilia kadhaa, na rivasi ikiwemo, mshuku klachi kwanza: haiachii yote. Ukikanyaga, disiki bado inaguswa na flaiwili, shafti ya giaboksi inaendelea kuzunguka, na ile ringi ndogo ya sinkronaiza inalazimishwa kuisimamisha injini nzima. Haijatengenezwa kwa kazi hiyo. Na pedali ikipata nafuu baada ya kukanyagwa mara kadhaa, basi kuna hewa au uvujaji kwenye mafuta ya klachi.

Akatoa intakula, kile kipoza hewa ya turbo. Silinda ndogo ya klachi imekaa pale chini yake, juu ya giaboksi, kwenye joto lote la turbo. Akaikunja raba yake kwa kidole. Kidole kikatoka kimelowa, cheusi.

Halafu akalala chali chini ya dashibodi na tochi mdomoni, akaniita nitazame. Kile kijiti cha pedali kinachosukuma mastasilinda, pampu ya mafuta ya klachi, kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho wa nyuzi zake. Kuna fundi wa zamani aliyeona klachi inashika chini sana, na badala ya kutafuta kwa nini, akakirefusha kijiti. Pedali ikakosa ule mchezo wa milimita chache unaotakiwa juu. Bila mchezo huo pistoni hairudi yote, mafuta hayapati njia ya kurudi kwenye kikopo, na beringi ya klachi inabaki imeguswa muda wote. Tatizo moja lilikuwa limefichwa na la pili.

Tulibadilisha silinda, tukatoa mafuta meusi yote, tukatoa hewa, kisha akalegeza nati ya kufungia na kurekebisha kijiti robo mzunguko kwa robo mzunguko, akibonyeza pedali kwa mkono kila mara, amefumba macho. Ilichukua muda kuliko kubadilisha silinda yenyewe. Mwishowe klachi ikashika katikati ya safari ya pedali, mahali ambapo nilikuwa nimesahau kwamba klachi hushikia.

Rivasi ikaingia kimya.

Nilienda kuzunguka barabara za viwandani, jioni, malori yamepungua. Nikiwa kwenye ya tatu, kilomita 50, nikakanyaga klachi, nikagusa mafuta kidogo kuinua raundi, nikavuta ya pili.

Ikaingia.

Raundi 3,200. Turbo iko macho.

Nilisimamisha gari kando ya barabara. Lile pengo nililolipigia hesabu usiku kucha, lile nililotaka kulijaza kwa giaboksi nzima, gia ya kulijaza nilikuwa nayo siku zote. Niliacha kuitumia kwa sababu ilinitisha, na woga ule uligeuka mazoea bila mimi kuona siku ulipobadilika. Pale Mai Mahiu, gia niliyostahili kuitafuta haikuwa ya tatu.

Ringi mbili mezani

Ya tatu bado ilikuwa na malalamiko yake, asubuhi kabla oili haijapata joto, na raundi zikiwa juu. Kwa mwaka mzima ringi yake ilikuwa imefanya kazi ya klachi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeizidishia: niliwahi kufunga kijiti kifupi cha gia, kwa raha ya kubadilisha kwa mkono mfupi. Kijiti kifupi kinapunguza safari ya mkono, lakini kinapunguza pia uwezo wa mkono kama wenzo, kwa hiyo unasukuma kwa nguvu zaidi na kwa haraka zaidi, na anayesukumwa ni ringi. Nimerudisha kile cha kiwandani, na bushi mpya kwenye viungo vyake. Ulegevu niliodhani ni wa giaboksi ulikuwa wa mipira ya shilingi kidogo.

Tukaishusha. Klachi ya gari hili ni ya kuvutwa, si ya kusukumwa, kwa hiyo kabla ya kuitenga giaboksi na injini lazima utoe kile kipini cha uma wa klachi kupitia tundu la pembeni. Asiyejua hunyanyua nyundo. Mzee alifungua kiziba, akaingiza bolti ndogo kwenye nyuzi za kipini, akavuta taratibu kama anayetoa mwiba.

Oili iliyotoka ilinitia simanzi, nyembamba kama ya injini. Giaboksi hii na difu ya mbele zinakunywa oili moja, lita 3.5, na meno ya difu yanahitaji oili ya daraja la GL-5, uzito wa 75W-90. Wapo wanaoweka GL-4 ili kuhurumia shaba ya sinkronaiza. Wanasahau difu iliyomo ndani. Kwenye sumaku ya kiziba kulikuwa na uji wa kijivu, laini. Mzee akausugua kati ya vidole viwili akitafuta punje. Hakukuwa na punje. Meno yote mazima.

Ganda linafunguka katikati kwa urefu, kama ganda la karanga. Alipofika kwenye ringi ya tatu aliiweka mezani kwenye gazeti, na kando yake mpya. Kwa mbali ni pete mbili za shaba. Kwa karibu, mpya ina mifereji myembamba ndani, kama nyuzi za skrubu, ya kukata oili ili ishike chuma. Ya zamani ilikuwa laini, inang'aa kama pete ya ndoa ya bibi. Akaibandika ya zamani kwenye koni ya gia, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaizungusha. Ikazunguka bila kizuizi. Akabandika mpya, akabonyeza vile vile.

"Zungusha wewe."

Haikuzunguka.

Niliuliza swali lililokuwa bado linaniuma: niweke gia za mashindano, zile za meno yaliyonyooka? Kampuni ya PPG ya Australia inazitengeneza kwa giaboksi hii hii. Meno yaliyonyooka hayasukumani kwa ubavu, jino ni nene, linavumilia. Mzee hakuzikataa. Aliuliza tu kama niko tayari kusikia mlio wake kila siku ya foleni, na kama mke wangu yuko tayari. Pia akauliza kama nina mpango wa kuongeza nguvu za injini. Sina. Sianzi safari kwa kuachia klachi kwenye raundi 5,000, na sijawahi kuona haja.

Ukiongeza presha ya turbo, ukaenda kwenye mashindano, giaboksi ya sita ni sahihi, na uinunue pamoja na difu yake, habu zake na shafti zake, kwa gari moja, siku moja. Hilo nalisema kwa moyo wote. Ukurasa wa daftari ninao bado, na zile namba 1.761 na 1.346 bado zinanipendeza nikizitazama. Lakini gari ninaloendesha leo halizihitaji.

Kona ile ile

Wiki mbili zilizopita tulipanda tena. Jumapili, jioni, na trela, safari hii la magogo. Nikateremka ya nne, ya tatu, nikakaa nyuma yake. Njia ilipofunguka nikagusa mafuta, nikavuta ya pili, nikatoka. Injini ikajaa, nikabadilisha ya tatu kwa vidole viwili, tukarudi upande wetu na nafasi imebaki.

Nikatazama kushoto kwangu. Mkono wake ulikuwa umeshika hindi la kuchoma tulilonunua Mai Mahiu, anatafuta pa kuanzia upande ambao haujaungua.